Masharubu yangu yalivyowafukuza waliokuja kumposa binti yangu

Wakuu, poleni na kazi. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mkulima wa kahawa na migomba huku Marangu. Humu huwa nasoma tu. Leo naandika kwa sababu nimeona vijana wanaulizana namna ya kufuga masharubu, na mimi yamenigharimu. Siongezi chumvi. Pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Nilianza kuyafuga nilipomaliza kidato cha nne. Yalijaa vizuri, watu wakanisifia.

Kosa langu ni kwamba nilifuga bila kutunza. Niliamini mwanaume anayehangaika na mkasi na kioo anatafuta urembo. Basi yakashuka, yakafunika mdomo wote wa juu.

Mke wangu alikuwa akinitania mezani: "Baba Felista, huo mtori wa ndizi unakula wewe au yanakula masharubu?"

Nilicheka. Sikukata.

Miaka minne iliyopita binti yetu Felista akapata mchumba, kijana wa Kahe, kule tambarare. Ndugu zake wakaja kuleta posa, wakiongozwa na baba yake mkubwa. Nitamwita mzee Sabas.

Kwa wasiojua desturi yetu: tuliwapikia mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Inaletwa kwenye kata moja, kibuyu cha kunywea. Mwenye nyumba anaonja kwanza, kuonyesha haina ubaya, halafu anampa mgeni kata ile ile. Mbege ina povu na makapi ya ulezi, kwa hiyo mwenye masharubu marefu huyainua kwa kidole kabla ya kunywa. Marehemu baba yangu alikuwa akifanya hivyo. Nilijua, ila sikujali.

Nikapiga funda refu, nikampa mzee Sabas. Masharubu yangu yalikuwa yamezama ndani, na yalipotoka yakadondosha matone humo humo.

Mzee akaitazama ile kata. Kisha akamgeukia mke wangu kwa adabu kabisa: "Mama, samahani, naomba kata nyingine. Kifua changu hakiko sawa, nisije nikawaambukiza."

Mtu alinisitiri, wakuu. Nilipaswa kushukuru. Lakini mwenzake mmoja akaguna kwa kicheko, na hapo hasira zikanipanda.

"Watu wa tambarare mnakuja kunifundisha kunywa mbege nyumbani kwangu?"

"Hapana, meku, tulia," akasema mzee Sabas. Meku ni kama kusema mzee. "Tumekuja kuomba mtoto, hatukuja kugombana."

"Basi mtoto hakuna. Njia ni ile mliyojia."

Wakaondoka. Felista alikuwa jikoni, alisikia kila neno. Hakulia. Alisema tu, "Baba, umenifukuzia watu kwa sababu ya nywele." Asubuhi akarudi Moshi mjini anakofanya kazi.

Nikawa namsubiri yeye aje kuniomba msamaha. Ndivyo nilivyokuwa.

Hakuja. Alifunga ndoa na kijana yule yule kanisani mjini, mama yake akaenda, mimi nikabaki nakatia ng'ombe majani. Krismasi tatu zikapita, na mnajua kwetu Krismasi kila mtu hupanda mlima kurudi nyumbani. Yeye hakupanda. Mjukuu akazaliwa, nikamwona kwenye simu ya mke wangu.

Mwaka jana nilishuka mjini kupima macho. Nilipomaliza nikaingia kwa kinyozi maeneo ya Mawenzi. Kinyozi mwenyewe alikuwa mdada.

"Shikamoo baba. Haya masharubu anakukatia nani?"

"Hakuna."

"Inaonekana. Mtu akiongea na wewe hajui kama umenuna au unacheka."

Nikamwambia afanye anavyojua. Aliyachana yakiwa makavu, kuelekea chini. Akanieleza kwamba yakiwa na maji hulala na kuonekana marefu, ukiyakata hivyo, yakikauka yanapanda, unabaki na pengo. Akaanza katikati chini ya pua, akaenda pembeni upande mmoja, kisha wa pili, akifuata mstari wa mdomo kwa mkasi mdogo. Mashine hakuigusa. Akaniambia nirudie kila Jumamosi, niyaoshe baada ya kula, na mafuta ni tone moja tu, tena vidoleni kwanza.

Kazi yote ilichukua kama robo saa.

Njiani kurudi ndiyo ikaniuma. Jambo la robo saa lilikuwa limenitenga na mwanangu kwa miaka mitatu. Na hata baada ya lile la kata, neno moja la samahani lingetosha. Sikulisema.

Wiki ile ile nikakata isale. Hilo ni jani la mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, na kwetu mtu akikuletea likiwa limefungwa fundo anaomba msamaha. Kulikataa ni vigumu mno. Nikateremka nalo hadi Kahe.

Mzee Sabas alilipokea kabla sijamaliza kusema.

"Meku, umepunguza."

"Nimepunguza."

"Ungepunguza mapema tungemaliza ile mbege." Tukacheka. Kisha akasema, "Kwangu yameisha. Lakini mimi siye uliyemuumiza."

Nilijua anamsema nani. Sasa, baba kumpelekea mtoto wake isale sijawahi kuona wala kusikia. Wazee wenzangu wangenicheka. Nilikata jingine, nikampelekea.

Felista alifungua mlango, akaliona jani mkononi mwangu. Nikasema, "Mwanangu, nilikosea mimi. Si wao, si wewe."

Akalichukua. "Ingia, baba. Chai ipo."

Amenisamehe, na mtoto sasa ananiita babu. Ila sebuleni kwake kuna picha ya harusi. Anaingia kanisani, na aliyemshika mkono ni mjomba wake. Kila nikienda nakaa kiti kinachoitazama. Hakuna msamaha unaoweza kuniingiza kwenye picha ile.

Nilichojifunza ni kwamba masharubu ukiyakosea yanaota tena baada ya wiki mbili. Siku ya mwanao hairudi.

Wenye masharubu semeni mnayatunzaje, hasa yakishakuwa meupe kama yangu. Na kama kuna mtu anakusubiri umwombe radhi, nenda kwake kwanza, maoni utaandika ukirudi.