Majimbo Tuliyoyauza Kama Maduara

Wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilikaa sebuleni kwangu Kalangalala, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe tangu msingi hadi bati la rangi, nikafungua gemu moja la zamani la wafalme na ramani. Ni yale magemu ambayo unapewa ufalme wa kale, unatoza kodi, unapigana, unaozesha watoto kwa majirani ili wasikuvamie. Nilitaka kuuza jimbo moja la pembezoni. Likatokea onyo kwenye kioo: ukiuza ardhi hii heshima yako itashuka, na majimbo yaliyobaki yatapungukiwa utii. Nilicheka peke yangu mpaka chai ikamwagika. Rafiki yangu, onyo lile ndilo lililonisomesha.

Utotoni mwangu mtaa wetu ulikuwa wa vumbi jekundu na nyumba za tofali za kuchoma. Bibi, aliyenilea, alikuwa ametokea Ushirombo na kuja na mashamba yake kichwani. Kila msimu wa viazi vitamu tulikaa uani tukivimenya na kuvikata vipande, tukavianika juani mpaka viwe michembe. Kazi yangu ilikuwa kuvigeuza na kufukuza kuku. Nikimaliza, natia michembe kiganja kimoja mfukoni, huyo kwa jirani.

Jirani alikuwa fundi redio, nasi watoto tulimwita Fundi tu. Chumba chake cha nyuma kilinuka waya ulioungua na risasi ya kuchomelea, na humo mlikuwa na kompyuta moja yenye kisogo kikubwa kama mtungi. Hakututoza kitu. Ulileta ndoo ya maji, ukapata zamu. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na gemu hilo, na watu wawili waliweza kulicheza kwa kupokezana kiti, kila mmoja na ufalme wake, huku benchi zima likikupumulia kisogoni na kukushauri vibaya.

Nilikuwa msichana pekee. Mpinzani wangu mkubwa alikuwa mtoto wa mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kule Nyarugusu. Alivaa raba mpya na aliniita Michembe. "We Michembe, rudi ukaanike," alikuwa akisema nikiingia, na benchi linacheka. Nami nilicheka, nikakaa.

Likizo moja Fundi alitangaza jambo. Kazi za kuchapa zilikuwa zimemzidi, akataka mtoto mmoja wa kumfundisha kompyuta yenyewe: kuchapa, kupanga kurasa, kuifungua na kuifunga. Mmoja tu, maana kiti kilikuwa kimoja. Atakayeshinda gemu ndiye atakayekikalia likizo nzima. Sijui wewe ulitamani nini utotoni. Mimi nilitamani kiti kile. Kwetu hapakuwa na mtu wa kunilipia kozi ya aina yoyote, na nilijua.

Wote wakatolewa, tukabaki mimi na mtoto wa mwenye duara.

Sasa lazima uelewe jinsi watoto wa huku kwetu walivyocheza. Tulikulia kwenye dhahabu. Duara likikauka huliombolezi. Unamuuzia mjinga, unahamia lingine. Ndivyo walivyofanya na majimbo. Jimbo likipungua mapato waliliuza, wakanunua askari. Lile onyo lilikuja kwa Kiingereza, hakuna aliyelisoma. Wote walibonyeza ndiyo.

Mimi pia nilikuwa nabonyeza ndiyo, mpaka jioni moja Bibi aliponisimulia, kisu mkononi, habari za shemeji yake wa Ushirombo. Huyo aliuza shamba la bondeni, shamba la ukoo, bila kuwaita ndugu kikao. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alinyimwa moto. Mke wake alizunguka na kigae kuomba kaa la kuwashia jiko, na kila nyumba ilimwambia moto wetu umezimika, huku moshi ukitoka paani. Haukupita msimu, wanawe wakahamia ukweni, mmoja baada ya mwingine.

Nikamuuliza Bibi kwa nini wanawe waliondoka, wakati walioudhika ni ndugu.

"Mtu akiuza shamba moja," alisema bila kuinua macho, "watoto wanaanza kujiuliza la kwao litauzwa lini."

Nilisahau kuku. Walikula viazi, nami nimesimama pale, kwa sababu nilikuwa nimeelewa vile vitarakimu vyekundu ambavyo kila siku tuliviona kando ya ramani vikishuka mtu akiuza jimbo. Hasara ya kuuza haikuwa kwenye jimbo lililouzwa. Ilikuwa kwenye yaliyobaki.

Siku ya fainali chumba kilijaa mpaka dirishani. Mwenzangu alianza kwa kishindo, akauza jimbo la kwanza, akaajiri wapanda farasi. Benchi likashangilia. La pili nikamwomba aniuzie mimi.

"Chukua, Michembe," akasema. "Limekauka hilo."

Nikachukua. Na la tatu nikachukua. Nilitumia hazina yangu yote, sikubaki hata na askari wa kulinda mji wangu, na watu wakaanza kunionea huruma. Mimi nilikuwa natazama tarakimu zake zikishuka. Kisha jimbo lake la kaskazini likaasi. Akapeleka wapanda farasi. Wakiwa njiani likaasi la kusini, jirani na langu, likapandisha bendera yangu. Jeshi lake kubwa lilibaki likikimbia huku na kule ndani ya nchi yake mwenyewe, na mimi sikurusha hata mshale. La mwisho kunijia lilikuwa jimbo lake la machimbo ya dhahabu. Hapo hata benchi lake lilihamia kwangu.

Alisimama akalalamika kwamba mashine imemwibia. Fundi akaweka chini chuma chake cha kuchomelea.

"Haijakuibia, mdogo wangu. Ulipokuwa unauza yale, haya mengine yalikuwa yanakutazama." Kisha akanigeukia. "Kesho ukitoka kanisani, njoo. Kiti ni chako."

Kelele zilizopigwa! Walinibeba mpaka uani kwetu, na Bibi, asiyejua gemu ni nini, akashukuru kwa lugha yake, wabeja, wabeja sana, akawagawia michembe yote ya ungo mmoja.

Kutoka kiti kile nikajua kuchapa, nikachapa barua za mtaa mzima, nikaenda Mwanza, nikarudi na stashahada ya kompyuta ambayo iko ukutani kwangu na mgeni haondoki bila kuonyeshwa. Leo nina duka langu la huduma za kompyuta barabarani, na sikusukumwa na mjomba yeyote.

Fundi alishatangulia mbele za haki, na Bibi pia. Chumba kilibomolewa, pakajengwa ghorofa lenye vioo. Watoto wanacheza magemu makubwa kuliko letu, kila mmoja na simu yake, masikio kayaziba. Juzi binti mmoja aliyekuja dukani kutoa kopi alikuwa akicheza huku akingoja foleni. Nilichungulia, nikamwona anauteka mji wa mwisho, ramani yote ikawa rangi yake. Alitabasamu kidogo, akaizima simu, akaiweka kwenye mkoba. Hakuna aliyegeuka. Nikaona haiwezekani ushindi kama ule upite kimya, nikapiga yowe, nikapiga na vigelegele, mpaka mwenye duka la jirani akaja mbio kuuliza nani kaolewa.