Ukuta wa Murram Haukuanguka Wenyewe

Mmeniomba nieleze nilivyopona ile ajali. Kupona nitaeleza. Ajali haikuwepo.

Kwetu ni Ndalu. Baba alitangulia, Mama akafuata, na mimi kifungua mimba nikaacha shule darasa la saba nikawa mzazi wa wadogo zangu watatu. Nililima vibarua, asubuhi nikapika mandazi ya kuuza. Gunia la mahindi nilikuwa naliinua peke yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili barabara zetu zilikuwa zikitengenezwa, na jirani akafungua shimo la murram, udongo mwekundu wa kumwaga barabarani, mpakani mwetu. Vijana wake walichimba kutoka chini. Walikula tumbo la ukuta wa shimo mpaka juu kukaning'inia, kisha wakangoja kuporomoke kwenyewe, kazi iwe rahisi. Kila poromoko lilisogea kwetu. Mvua zilipoanza, ufa ukatokea nyuma ya jiko. Mkono wangu uliingia humo hadi kiwiko.

Nilimwendea yule jirani. "Mzee, ukuta umesimama wima na jiko letu liko juu yake. Waambie wachimbe mbali na ua, na waulaze ukuta uwe mteremko."

Akawageukia vijana. "Ati nyumba yao inasogelea shimo yangu. Si muiambie irudi nyuma, bana."

Wakacheka wote.

Siku chache baadaye, mvua ikiwa imekatika, nilikuwa jikoni nakanda unga. Sakafu ikaondoka. Nilishuka na jiko zima, murram ikanibana hadi kifuani. Mguu wa kulia ulikunjika mahali pasipo goti. Waliponifukua niliona mfupa wangu, mweupe kama muhogo uliomenywa. Walionifukua ni vijana wale wale waliocheka, kwa mikono mitupu, wakiogopa sululu isinikate.

Hospitalini Kitale walisafisha kidonda, wakauvuta mguu kwa uzito. Kidonda kikaoza. Harufu yake niliisikia chini ya blanketi kabla muuguzi hajalifunua. Daktari akasema, "Tutakata nyama iliyokufa. Uozo ukiendelea kupanda, tutautoa mguu."

"Daktari, mguu huu unalisha watoto watatu."

"Basi kula. Hata kama hutaki, kula."

Nikala. Maharagwe, mayai, nikitapika naanza tena. Nafula, mdogo wangu anayenifuata kuzaliwa, akaja bila yunifomu. "Dada, nimewacha shule nikuangalie."

"Rudi kesho. Ukiacha, ule ukuta utakuwa umezika wawili."

Jirani naye alikuja, na mkate. "Pole kwa ajali. Shetani ni mbaya."

"Shetani hakushika sululu, Mzee."

Mama wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Mzee akaondoka. Mkate tuliula.

Polepole nyama mpya ikaota, nyekundu kama ndani ya pera. Mguu ulibaki, ila mfupi. Senge, dada ya Baba, akanichukua kwake Bungoma, akanifundisha kutembea kama mtoto. Nikilia alisema, "Lia ukitembea."

Niliporudi Ndalu na magongo yangu, nilikuta wanachimba tena chini. Safari hii ni chini ya nyumba wanamolala wadogo zangu. Sikwenda kwa Mzee. Nilishuka shimoni, nikaketi palepale walipokuwa wakichimba, mgongo kwa ukuta.

Barasa, kiongozi wao, aliyenishika kwapani siku ile akanitoa, akaja mbio. "Sista, toka hapo. Itakuangukia."

"Kumbe mnajua."

Alinitazama mguu, kisha akaweka sululu chini. Mzee alipokuja kufoka, Barasa alimwambia, "Hapa chini hatuchimbi tena." Wengine nao wakatua sululu. Mzee hakuwa na mtu mwingine wa kumchimbia, akakubali. Wakaanza kukata kutoka juu kushuka, kwa ngazi pana, wakaacha nafasi kando ya ua na kuchimba mtaro wa kuepusha maji. Sasa ngazi zimeota nyasi, na nyumba yetu ipo.

Namshukuru Mungu, daktari, Senge, na Nafula aliyerudi darasani. Nawashukuru vijana wale, ingawa bado nawakasirikia. Wewe uliyelala na kidonda kinachonuka, kula. Wewe uliye na shimo nyuma ya nyumba, ukiona ufa, hamisha watoto kwanza, kisha piga kelele hata wakikucheka.

Ila msiniambie tena kwamba niliangukiwa. Niliangushiwa.