Dhiraa Moja Isiyopigwa Lipu

Saa mbili asubuhi, Dvora Halbersztat yuko juu ya jukwaa la mbao, mwiko mkononi, anasawazisha chokaa kwenye ukuta pekee uliobaki wa sinagogi la Olszanek, Poland. Ana miaka sitini na mmoja na magoti yamechoka, lakini usithubutu kumwambia ashuke.

"Shuka unywe chai, fundi," anaita Zenon, msimamizi aliyetumwa na halmashauri ya mji.

"Chai itanisubiri. Chokaa hainisubiri."

Sinagogi lilidumu karne mbili. Mwaka 1939 wanajeshi wa Kijerumani walilitia moto. Ukuta huu ulipona, na baada ya vita mtu akauegemezea ghala la unga. Kabla ya vita Wayahudi elfu moja na mia tisa waliishi hapa. Leo wako tisa, hawafiki hata kumi wa kusimamisha sala ya pamoja.

Ni Ijumaa, siku ya ukaguzi. Zenon anapanda, anatazama, anakunja uso. Karibu na ulipokuwa mlango pana mraba wa matofali matupu.

"Hapa umeruka, mama. Siwezi kutia sahihi ukuta wenye kidonda."

"Sijaruka. Nilipobandua lipu ya ghala niliukuta hivyo hivyo. Sisi Wayahudi tukijenga huacha dhiraa moja tupu, tulikumbuke Hekalu letu la Yerusalemu lililobomolewa."

"Na nikikuamuru uzibe?"

"Tafuta fundi mwingine. Miaka arobaini napiga lipu na sijawahi kuambiwa nirudie kazi. Ila hapo mwiko wangu haufiki."

Zenon anausogelea mraba. Anatoa futi, anapima. "Sentimita arobaini na nane. Zingetimia hamsini ningeandika vizuri."

"Fundi wa kale alikuwa na mkono mfupi. Tumsamehe."

Zenon anacheka, anaandika kwamba mraba uachwe wazi, anatia sahihi.

Dvora hafichi furaha yake. Kisha anasema jambo ambalo halimtoki kirahisi.

"Nyumbani kwetu, ninakoishi hadi leo, ulikuwepo mraba kama huu. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mama aliniambia niuzibe, majirani wasijue sisi ni nani. Ndiyo lipu yangu ya kwanza. Niliipiga vizuri mno, hakuna anayeitambua."

Anafuta mwiko kwa aproni.

"Kesho ni Sabato, napumzika. Jumapili naibomoa. Na mlango nitauacha wazi, majirani waje waone."