Siku Bwana Mvuke Alipoiacha Sufuria Ifoke

Kiwandani walimwita Bwana Mvuke, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani alipostaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza boila katika kiwanda cha sabuni. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya pipa la chuma lenye ukubwa wa chumba, jicho kwenye geji, mkono tayari kupunguza moto, na kuhakikisha mshale hauvuki mstari mwekundu. Ukimwuliza kazi hiyo ina ugumu gani, alikuwa tayari kukueleza, na hapo ulikuwa umejitakia mwenyewe. Chai yako ingepoa mkononi.

Sasa nyumba ilikuwa kimya mno kwake. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili tu, lakini akitoka asubuhi harudi mpaka jioni, amechoka, anakula na kulala. Mchana alikula chochote palepale kibandani, huku akikata kitambaa. Bwana Mvuke alimkosa. Tuseme ukweli: mtu aliyezoea kuungurumiwa na boila kutwa nzima alikuwa ameanza kuzungumza na friji.

Ndipo siku moja akamwomba mkewe. "Mama, mchana uwe unakuja kula nyumbani. Nitapika mimi."

Mkewe alimtazama juu ya miwani. "Utapika nini?"

"Maharagwe. Si kuna ile sufuria ya presha aliyotuletea binti yako? Mambo ya presha niachie mimi."

Wakakubaliana muda wa saa moja, kuanzia saa saba mpaka saa nane, maana wateja nao hawana subira.

Jumatatu Bwana Mvuke aliingia jikoni amevaa ovaroli yake ya kazini. Maharagwe makavu alikuwa ameyachambua na kuyaloweka tangu jana yake. Aliyamwaga yale maji, akatia mengine, akahakikisha hayavuki nusu ya sufuria, akaongeza kijiko cha mafuta ili povu lisipande. Akapangusa mpira wa mfuniko. Akachungulia tundu la mvuke kwa kulielekeza dirishani. Kisha akawasha gesi, akavuta kiti.

Baada ya muda kile kizibo kizito kilichokaa juu ya mfuniko kikatikisika, mvuke ukafoka. Bwana Mvuke aliruka kitini, akapunguza moto mpaka kikanyamaza kabisa. Akaongeza kidogo, kikafoka, akapunguza. Alihangaika hivyo dakika arobaini, jasho linamtiririka, na moyoni ameridhika kama mtu aliyerudishwa kazini.

Usimcheke bado. Kwa mtunza boila, vali, yaani kizibo cha kutolea mvuke uliozidi, ikifoka ni aibu, maana yake mwenye zamu alikuwa amesinzia. Kwa miaka yote ile boila lake lilifoka mara moja tu, na akina mama wa kufungasha sabuni walitoka nje wote wakampigia makofi ya kejeli. Siku hiyo hakula, na wiki nzima alipita mlango wa nyuma.

Mkewe alikuja saa saba, akanawa, akatia kijiko mdomoni. Alitafuna. Akaendelea kutafuna. "Yana nguvu haya," alisema hatimaye, akamaliza sahani. Jumanne yakawa na nguvu zilezile. Jumatano asubuhi, akifunga kilemba mlangoni, alisema, "Baba, leo usijisumbue. Nitakula kibandani."

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma. Bwana Mvuke alibaki amesimama na bakuli la maharagwe aliyokwisha kuyaloweka, akiona saa yake moja inamponyoka. Akampigia binti yake simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sufuria yako mbovu. Haiivishi."

"Kwani ikianza kufoka unaiacha dakika ngapi?"

"Niiache? Mimi? Ikifoka napunguza moto mpaka inyamaze."

Binti alikohoa kidogo, na baba mtu alijua kabisa anazuia kicheko. "Baba, ndivyo ilivyotengenezwa. Ikishafoka ndipo unapoanza kuhesabu dakika. Punguza moto kidogo tu, lakini iendelee kufoka taratibu. Ukiinyamazisha, presha haifiki pale inapotakiwa."

"Ifoke tu hivihivi, watu wanasikia?"

"Ifoke, baba."

Alifunga dirisha kwanza. Sufuria ilipofoka, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye jiko, akaurudisha. Alipiga moyo konde, akashusha moto kidogo tu, akaikodolea macho saa ya mkononi. Dakika kumi na tano hazijawahi kuwa ndefu hivyo. Sufuria ilifoka, vioo vya dirisha vikaingia ukungu, naye akakaa pale na aibu yake, peke yake, kwa ajili ya mkewe.

Alipozima gesi, hakuhitaji kufundishwa tena. Kusubiri mvuke ushuke wenyewe, bila kugusa mfuniko, ilikuwa elimu yake. Alipofungua, alichukua punje moja akaibana kwa vidole. Ikapondeka. Akakaanga kitunguu na nyanya huku anaimba vibaya.

Saa saba kasoro dakika tano alifika kibandani na bakuli dogo lililofunikwa. Mteja alikuwa amesimama, mikono juu, anapimwa kiuno. "Onja," Bwana Mvuke alisema.

Mkewe alionja. Hakutafuna, hapakuwa na haja. Alimshusha mteja mikono, akamwambia arudi saa nane, akafunga mlango.

Nyumbani alikula sahani mbili, akacheka mpaka akavua miwani aliposimuliwa habari ya dirisha. Bwana Mvuke alimwangalia akila, na maneno aliyokuwa ameyakalia tangu Jumatatu yakamtoka.

"Mama, mimi sipendi kupika hata kidogo. Nyumba hii mchana inanishinda. Nilitaka tu uje."

Mkewe alipangusa sahani kwa kipande cha mkate, bila haraka.

"Kwani ulidhani siku mbili zile nilikuwa natafuna kokoto kwa sababu ya njaa?"