Mwamuzi Alikuwa Mkwe

Mume wangu Sylus, baba wa mwanetu Valentine, ni fundi wa baiskeli hapa Voi, na ukitaka kumchelewesha kula, mletee rimu iliyopinda. Ataizungusha, ataitazama, ataizungusha tena. Macho yanaenda mbali, chai inapoa, na mimi naongea peke yangu. Miaka mingi nimelionea wivu gurudumu, na sioni haya kusema.

Gurudumu hilo ndilo lililompeleka kwenye kriketi. Abdulghani, mwenye duka la vitambaa na nahodha wa timu ya Voi, alileta baiskeli yake kutengenezwa, akaona vile vidole vinavyozungusha rimu. Kesho yake akarudi na mpira mweupe.

"Hebu uzungushe na huu, tuone utakwenda wapi."

Ulidunda mbele ya kibanda cha jirani, ukakata kona, ukaingia kwenye beseni la maandazi. Abdulghani akanunua maandazi yote, na timu yake ikapata mrushaji.

Warushaji wengine hukimbia kana kwamba wamefukuzwa na ndovu. Sylus alitembea tu, akauachilia. Mpira wake ulipanda taratibu ukakaa huko juu, nyuma yake kilima cha Sagalla kikiwa cha samawati, upepo wa kutoka Maungu ukiusukuma kidogo. Kwa muda huo mimi nilisahau niko wapi na nani anacheza. Kisha ulishuka, ukadunda kwenye mkeka uliotandikwa katikati ya uwanja, ukageukia pale ambapo mpigaji hakuutarajia, na vijiti vitatu nyuma yake vikalala. Katika mechi hizi fupi za ova ishirini, mrushaji mmoja hapewi zaidi ya ova nne, yaani mipira ishirini na minne. Kwangu mimi ilikuwa kama kuamshwa ndoto ikiwa ndiyo kwanza imenoga.

Tatizo lilikuwa mwamuzi. Mwamuzi alikuwa baba yangu, Mzee Josephat wa Rukanga, aliyejifunza kazi hiyo zamani akiwa karani kwenye shamba la katani. Timu za wageni zilimkubali bila ubishi kwa sababu hakuwahi kumpendelea mtu yeyote, mkwewe akiwemo.

Sasa, sheria ya kriketi ni kwamba mwamuzi hamtoi mpigaji mpaka aulizwe. Mpira ukigonga mguu ulioziba vijiti, warushaji humgeukia mwamuzi na kumpigia ukelele, "Hauzat!", yaani vipi hapo? Na kwetu, mkwe hapigiwi ukelele. Hata kumtazama usoni ni kazi. Sylus akimwona baba sokoni husalimia kutoka ng'ambo ya barabara, macho chini, halafu akakumbuka ana shughuli mahali. Kwa hiyo kila mpira wake ulipogonga mguu wa mtu, yeye aliangalia viatu vyake. Aliyeuliza ni Danson, rafiki yake, aliyedaka mipira nyuma ya vijiti.

Na Danson huyohuyo ndiye aliyekuwa mshenga wetu! Alikwenda kwa baba kunichumbia kwa niaba ya Sylus, akarudishwa mara mbili, akakubaliwa mara ya tatu. Baada ya hapo akawa anamwombea wiketi, yaani mpigaji atolewe, mechi baada ya mechi, miaka nenda miaka rudi.

"Siku Danson akikosekana," nilimtania mume wangu, "utaishije wewe?"

Alicheka tu, akazungusha rimu yake.

Siku hiyo ilifika. Danson ni mwalimu, na alihamishiwa shule moja huko Njukini. Nacho kidole cha Sylus kilikuwa kinavimba kila akirusha, akatuambia kwamba mechi na wageni wa Mombasa itakuwa yake ya mwisho. Voi haikuwa imewahi kuwashinda watu hao. Alitaka hilo tu, kuwashinda mara moja, kisha apumzike.

Mechi ikaenda mpaka ukabaki mpira mmoja, na wageni walihitaji mbio mbili tu washinde, yaani wapigaji wao wabadilishane ncha za mkeka mara mbili. Mpira huo ulikuwa wa Sylus.

Akatembea, akauachilia. Mtanicheka, lakini nasema uliganda. Niliona mshono wake ukizunguka, nikaona gurudumu, nikaona beseni la maandazi na ujana wetu wote, na sikutaka ushuke kamwe. Ukashuka. Ukadunda, ukageuka, ukampiga mpigaji mguuni, mbele kabisa ya kijiti cha kati, ukabingirika pembeni. Wapigaji wakakimbia, wakazipata mbio zao mbili, wakaanza kukumbatiana.

Hakuna aliyeuliza. Aliyechukua nafasi ya Danson alikuwa anaufukuza mpira, na wale wengine walishazoea kumwachia Danson. Sylus alisimama katikati ya mkeka akiangalia viatu.

Kilichobaki ni baba kuangusha vile vipande vidogo vinavyokaa juu ya vijiti, na mechi ingekwisha. Vilikuwa hatua mbili mbele yake. Akainama, akafunga kamba ya kiatu. Akainuka, akafuta miwani, akaivaa, akaivua, akaifuta tena.

"Mzee, tumalize!" wageni wakaita.

Baba akaweka mkono juu ya vijiti, na asiangushe kitu. Hapo ndipo nilipoelewa, na machozi yakanitoka. Alikuwa anamngoja. Sheria haikumkataza kungoja, ila kufuta miwani mara mbili, hilo halikuwa la sheria. Nilitamani nipige ukelele mimi, lakini mtazamaji haulizi.

Sylus akainua macho. Akavua kofia. Akaja mpaka mbele ya baba, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji nyumba ya ugenini:

"Samahani, baba. Vipi hapo?"

Baba akainua kidole. Mpigaji ametoka, mbio zao hazihesabiwi, Voi imeshinda. Wageni walifoka, lakini swali lilikuwa limeulizwa kabla mechi haijafungwa, na nahodha wao alilijua hilo. Abdulghani akasujudu kwenye vumbi. Mimi nilikuwa nimeshaingia uwanjani mbio, nikawakuta wawili hao wamesimama wanatazamana, kidole cha baba bado kiko juu.

"Danson nilimrudisha mara mbili, Baba Valentine," baba alikuwa anamwambia. "Ungekuja mwenyewe, ningekupa siku ileile."