Alama Nyekundu Niliyoweka kwa Nyumba ya Jirani

Admin, jina langu ulifiche vizuri, maana huku mutu anatafutwa hata bila kosa, sembuse mimi niko nalo. Niko muzee wa miaka sabini na moja, mujane, nalima pembeni ya Mudaka, na siku za mwisho wa juma nashuka Bukavu kwa binti yangu. Masomo nilifikisha darasa la tano, mwalimu akachoka mbele yangu. Wewe mwenye diplome tatu unayenisoma juu ya kiti cha biro, mule ofisini mwako, usicheke bado. Kisa hiki kinakuhusu.

Vita ilikuwa inazunguka milima yetu, leo kundi hili, kesho lile. Wakaja vijana wa shirika moja la Bukavu, viatu safi kama vya arusi, wakatukusanya ndani ya darasa la shule. Walisema watapunguza vita na telefone. Nilimwangalia mukubwa wao, kijana wa miwani, nikamuuliza: «Mwanangu, tutampigia nani, risasi?» Akaandika swali langu kwa karatasi. Watu wale wanaandika kila kitu.

Kazi ilikuwa hivi. Watu watatu kwa kila kijiji wanapewa telefone na karatasi ya namba. Namba 1, wizi wa ng'ombe. Namba 2, ugomvi wa mupaka wa shamba. Namba 4, watu wenye silaha. Mumoja akituma namba, wale wengine wawili wanapigiwa na kuulizwa kama ni kweli. Wote watatu wakikubali, alama nyekundu inatokea kwa ramani ndani ya mashini yao, na askari wanapewa habari. «Watu watatu hawawezi kusema uongo mumoja,» kijana alitufundisha.

Admin, wale watatu wa kijiji chetu ni mimi na wazee wawili tunaokunywa nao kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kila tukitoka shamba, tena kwa kibuyu kimoja. Walituchagua juu watu walisema tunaheshimika. Tunakunywa na nani, hakuna aliyeuliza. Hilo swali halikuwa kwa karatasi yao.

Sasa jirani yangu, tumuite Papa Furaha, alisogeza miti ya mupaka akanikulia mistari mitatu ya mihogo. Nikatuma namba 2. Kimya. Nikatuma tena, na tena, mara sita. Nikashuka mwenyewe mpaka biro yao Bukavu. Kijana akafungua mashini, uso unang'aa.

«Muzee, namba 2 zako zote ziko humu. Ziko nzuri sana, tunazitia kwa rapport, ile ripoti ya wakubwa.»

«Na mupaka wangu?»

«Mupaka wako unaonekana hapa.»

Akanionyesha kimuti cha rangi ya njano kinachopanda juu. Sijaona mutu anayefurahia ugomvi wa wengine namna ile.

Kesho yake, kibuyu katikati yetu, nikatuma namba 4, nyumba ya Papa Furaha. Povu halijashuka, telefone za wenzangu zikalia. Wa kwanza akajibu: «Ndiyo, hata mimi niliona.» Wa pili, ule muongo wa kuzaliwa, akasema: «Walikuwa wanne, na mumoja anachechemea.» Tulicheka mpaka kasiksi ikapitia puani. Nilifikiri kijana wa miwani atakimbia kuja na daftari lake, na akiwa huku nitamukokota mpaka kwa mihogo yangu.

Hakuja. Walikuja askari, muchana, mbele ya watu wote. Walimupiga Papa Furaha muke wake akiangalia, wakachimba ile mistari mitatu kutafuta bunduki, wakamubeba. Alirudi siku ya nne, sikio la kushoto limekufa. Na tangu hapo, risasi ikilia kwa mulima wowote, askari wanaanzia kwake, juu alama iko pale.

Nilirudi biro kuomba waiondoe ile alama kwa ramani.

«Muzee, habari ya watu watatu haifutike hivi hivi,» kijana alisema. «Labda aliyetuma asimame mbele ya kijiji na mbele ya komanda wa askari, aseme alidanganya.» Hapo hapo akaniambia wamenichagua kuwa mufano kwa vijiji vingine.

Nikaenda kwa wenzangu. Yule wa pili akanijibu: «Mimi niliona wanne.» Ule uongo ameusema sana mpaka wale wanne amewavalisha kofia.

Juma hili Papa Furaha alikuja kwangu, akakaa upande ambao sikio lake zima linanisikia.

«Muzee, tunaenda. Muke wangu amechoka kukimbia na watoto. Kule Sange niko na shemeji. Shamba nakuachia wewe, ulime, na ule mupaka tusahau. Huku mutu mwingine wa kuamini sina.»

Nikamuambia asante. Admin, hilo ndilo neno lililotoka kwa kinywa changu.

Sasa ninyi maelfu munaojua kila kitu, musiniambie niombe Mungu, kuomba naomba. Musiniambie kosa ni la kijana wa miwani. Hiyo nilijiambia mwenyewe, ikanisaidia siku mbili. Nikisimama, Papa Furaha atajua ni nani alimuua sikio, na komanda atanibeba kwa umri huu. Nikinyamaza, napata shamba zima bila kuomba, na yeye anaenda kuanza maisha kwa shemeji. Nisimame ao ninyamaze? Kamyo, lori la mizigo, inamupakia Jumamosi. Munijibu haraka, leo iko Alhamisi.