Gramu Thelathini na Tatu

Katika idara ya picha walimwita Bi Mistari, na jina hilo halikuwa la kejeli. Kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa kuchora mistari kwenye mioyo ya watu. Mgonjwa alitoka kwenye mashine ya MRI, akavaa viatu, akaenda zake. Moyo wake ukabaki kwenye kompyuta ya Bi Mistari, umegawanywa picha kumi au kumi na mbili kama mkate uliokatwa slesi. Kwenye kila picha alichora mstari wa ndani, pale damu inapogusana na msuli, kisha mstari wa nje, pale msuli unapoishia. Kompyuta ilijumlisha kilichokuwa katikati ya mistari hiyo ikatoa jibu kwa gramu: uzito wa msuli wa chumba cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwili mzima. Moyo mmoja ulimchukua dakika ishirini. Mgonjwa asiyeweza kubana pumzi alimchukua arobaini.

Alikuwa mrefu, mkimya kazini, mwenye maneno nyumbani. Alikalia mto wa sponji alioushona mwenyewe, taa imezimwa, mlango umerudishwa nusu. Aliyemwambia kwamba moyo wa mtu ni msitu alijibiwa, "Msitu huo mimi nauingia mara sita kwa siku, na chai nainywa kwa wakati."

Kisha ikaletwa programu ya kuchora mistari hiyo yenyewe. Daktari wa moyo, mtu mfupi aliyezoea kuongea huku anatembea, alisimama mlangoni kwake.

"Kabla hatujaiamini, ipe mioyo sitini ya zamani uliyoipima wewe. Tulinganishe."

"Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Bi Mistari.

Programu ilimaliza moyo mmoja kwa sekunde tisa. Kwa siku tatu alipanga majibu katika safu mbili, lake na la mashine. Mengi yalipishana kwa gramu nne, tano, sita. Mara mbili mashine ilichukua kipande cha ini ikakihesabu kuwa moyo, naye akacheka peke yake. Moyo wa arobaini na moja ndio uliomsimamisha. Yeye alikuwa ameandika gramu mia na sabini na moja. Mashine iliandika mia mbili na nne.

Alidhani ni ini tena. Alifungua picha kutafuta kosa la mashine, asilione. Mistari ya mashine ilikuwa imelala juu ya kingo za msuli sawasawa. Akafungua mistari yake mwenyewe. Kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya moyo, mkono wake ulikuwa umeingia ndani kidogo. Si kwenye picha moja. Kwenye zote.

Orodha ilikuwa na namba tu, bila majina. Aliitafuta namba ile kwenye rejista. Ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, miaka minne nyuma.

Baba yao alikuwa mjenzi. Alianguka akiwa na mfuko wa saruji begani, kwenye ngazi ya nne, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na hakuna aliyeuliza sana kwa nini. Mdogo mtu akawa mchomeleaji wa mageti. Alipoanza kupata kizunguzungu, dada yake alimleta hospitali. Mpimaji mwenzake alikuwa likizo ya uzazi, daktari yuko safarini, basi Bi Mistari akampima mwenyewe. Jibu lilipotoka chini ya mia na themanini, ambayo kwa mwili wa ukubwa ule ndiyo ilikuwa kikomo, alimpigia simu palepale: "Moyo wako mzima. Kula vizuri, pumzika."

Sasa alificha mistari yote, ya mashine na ya zamani, akachora upya. Alipata mia mbili na nne, kama mashine.

Hakuwa amedanganya kwa makusudi. Kwenye kila picha alikuwa ameuonea ukuta ule huruma, milimita moja hapa, moja na nusu pale, na huruma hizo zilipojumlishwa zikafika gramu thelathini na tatu. Orodha ilikuwa mikononi mwake. Mioyo miwili alishaiondoa kwa ajili ya ini. Kuondoa wa tatu kusingemshtua mtu. Alikaa akiitazama kwa muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria. Kisha akaichapisha nzima, akaipeleka kwa daktari, akamwambia moyo wa arobaini na moja ni wa nani.

Daktari aliisoma mara mbili, safari hii ameketi.

"Ungenisubiri nirudi."

"Ndiyo, Daktari."

"Mwite leo. Leo hii."

Hakumwita. Alivua koti la kazi, akamfuata karakana. Alimkuta amepiga magoti mbele ya geti, cheche zinaruka. Mdogo wake alizima mashine, akainua barakoa ya chuma.

"Dada, kulikoni? Saa hizi?"

Akamweleza akiwa amesimama, bila kuzunguka. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miaka minne nabeba vyuma na moyo wa baba."

"Ndiyo."

"Nimezimia mara mbili mwaka huu. Nikasema ni uchovu. Si uliniambia mzima?"

Bi Mistari hakulijua hilo. Alishika ukingo wa geti, likiwa bado na joto, akauachia.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema.

"Uliyejidunga ni wewe? Mimi ndiye niliyedungwa, Dada."

Lakini alikwenda. Mara hii programu ilichora, daktari akakagua mstari kwa mstari, na Bi Mistari akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Gramu mia mbili na kumi na tisa. Ulikuwa ugonjwa wa kurithi, ukuta wa moyo unaonenepa bila sababu ya nje. Mdogo wake alipewa dawa, akawekewa chini ya ngozi ya kifua kifaa cha kuushtua moyo ukipoteza mapigo. Kwa sababu ya kifaa hicho alikatazwa kuchomelea. Mashine yake aliiuza. Akabaki kuchora ramani za mageti na kuwasimamia wengine, kazi aliyoiita ya kunyoosha kidole.

Kwa miezi mitano hakuzungumza na dada yake. Salamu zilipitia kwa mkewe. "Wifi, anakusalimu," mke alisema kwenye simu, na wote wawili walijua kwamba hakusalimu.

Bi Mistari aliandika kanuni ya mistari miwili, ikabandikwa ukutani: hakuna anayempima ndugu yake, wala jirani yake. Programu ikaanza kazi, naye akawa mkaguzi wake. Aliikamata kwenye ini mara kwa mara. Nayo mara nyingine ilimwonyesha pale mkono wake ungeteleza.

Daktari alitaka ndugu wote wa damu wapimwe. Zamu yake ilipofika, Bi Mistari aliyepima maelfu ya mioyo aliingia mashinini kwa mara ya kwanza, akashangazwa na kelele. Alipotoka, mdogo wake alikuwa kwenye benchi, ameshika mkoba wa dada yake.

"Ngapi?"

"Tisini na nane. Ugonjwa sina."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa. Walitembea mpaka getini.

"Mwanangu anapimwa Jumanne," alisema. "Anaogopa. Anataka shangazi yake awepo."

"Nitakuja."

"Umshike mkono tu. Kompyuta usiiguse."

Bi Mistari alisema hataigusa. Jumanne alikuja bila koti la kazi, akasimama kando ya mashine, ameshika kidole gumba cha mtoto kwa dakika thelathini na tano. Majibu yalitoka mchana. Ukuta wa moyo wa mtoto ulikuwa mwembamba, ingawa daktari alisema watampima tena kila mwaka, maana ugonjwa huo huweza kuchelewa kujitokeza.